Saksafoni Iliyobaki Newala

Siku moja ya Sabasaba pale Newala, mwanangu, nakumbuka nilimpuliza mwimbaji mpaka akapotea. Hakwenda popote. Alikuwa amesimama palepale mbele yangu, watu wanaona mdomo unafunguka na kufunga, mishipa ya shingo imemtoka, lakini sauti yake hakuna aliyeisikia, kwa sababu mimi nilikuwa nyuma yake na saksafoni, napuliza kama mtu aliyeambiwa kwamba kuanzia kesho kupumua ni marufuku. Wimbo ulipokwisha, bibi mmoja aliyekaa mbele na kapu lake la ming'oko, vile viazi vya porini vya kwetu, akauliza, kwa sauti ya kawaida kabisa, "Yule kijana alikuwa anatafuna nini?"

Uwanja mzima ulicheka. Na mimi nikacheka nao. Sikujua bado kwamba kicheko kile kilikuwa changu.

Leo ukinisikia natajwa, natajwa kama yule mama wa rege mwenye saksafoni. Nimepiga Mtwara na Dar es Salaam, nimepiga Arusha kwenye baridi mpaka vidole vikagoma, nimevuka bahari nikawapigia watu wasiojua hata Newala iko upande gani wa dunia. Vijana hunipisha kiti, kisha huniuliza siri ni nini. Wakiuliza hivyo huwa najibu kwamba siri ni ndoo ya maji, nao hucheka wakidhani mzee ameanza kuchanganyikiwa. Basi wewe keti, usicheke kwanza.

Nilikuwa binti mwenye aibu, mwanangu, na sisemi aibu ile ya kuinamisha macho kidogo mbele ya wageni. Nilikuwa naamkia "shikamoo" mtu akapita bila kujua kama ameamkiwa. Mama yangu alikuwa akinisukuma begani, "Rudia, hajakusikia," nami naona heri ardhi inimeze. Shuleni Masasi, nilikosoma sekondari, mwalimu akiniuliza jambo ninalolijua vizuri kabisa nilikuwa nasimama, natazama ile milima ya mawe dirishani, nakaa. Jioni ndipo nilipoandika jibu kwenye daftari langu, na mengine yote niliyoshindwa kuyasema mchana. Niliandika kila siku. Ukurasa mmoja nilijaza kwa sababu ya chumvi tu: nilishindwa kumwambia mwenzangu anipitishie chumvi, nikala maharage yasiyo na ladha, nikaenda kuyaeleza maharage hayo kwa ukurasa mzima.

Sasa mtu wa namna hiyo mpe saksafoni, uone.

Saksafoni yenyewe haikuwa yangu. Ilikuwa ya Mzee Agostino, jirani yetu, Mmakonde wa ng'ambo ya mto Ruvuma. Kule kwao, enzi za Mreno, alikuwa akipiga kwenye bendi za hotelini, na vita ilipowafikia walivuka mto usiku kuja kwetu kama wengi walivyovuka. Wenzake walivuka na sufuria, na majembe, na kuku. Yeye alivuka na saksafoni imefungwa kwenye mkeka, kaiweka kichwani. Upande wetu mgambo walimkamata. Kitu cha chuma, kirefu, kina tundu mbele, kina vitufe: wao wangejuaje? Walimwamuru aeleze silaha hii inapigwa vipi. Akawaonyesha. Inasemekana walimwomba aipige tena, na tena, mpaka kamanda wao akaja kuuliza harusi ni ya nani.

Mkewe, Mama Rosa, hakuwahi kumsamehe kwa sufuria waliyoiacha. Ukienda kwao, chakula kikichelewa, utamsikia jikoni, "Baba Rosa, si upike kwenye bomba lako." Mzee alikuwa akitabasamu tu, akiendelea kukwangua mwanzi. Maana kile kipande chembamba kinachotetemeka mdomoni, tulichokiita ulimi, hakikuwa kinauzwa popote kwetu. Duka la kijiji lilikuwa na sabuni siku ikiwa nayo. Kwa hiyo Mzee alichonga ndimi mwenyewe kwa mwanzi wa bondeni na kipande cha chupa, na pedi za vitufe zilipooza alibandika ngozi ya mbuzi iliyobaki wakati wa kuwamba ngoma za jando. Saksafoni ile, ukiinusa, ilinukia jando.

Ni yeye aliyenifundisha. Likizo moja alinikuta nimesimama nyuma ya nyumba yake namsikiliza, akaniuliza kama nataka. Sikujibu. Akaniwekea mikononi akaingia ndani, akaniacha nayo. Alijua mtu wa namna yangu hatakiwi kutazamwa. Nilipomaliza kidato cha nne nikarudi nyumbani kungoja matokeo ya mtihani, nilikuwa napiga vya kutosha kuchukuliwa na vijana wa Ukingoni Bendi.

Ukingoni ilikuwa bendi ya kijiji chetu. Kiongozi wake alikuwa Saidi, mwimbaji, aliyefanya kazi kidogo bandarini Mtwara akarudi na santuri za rege alizopewa na mabaharia. Kabla ya hapo tulikuwa tunapiga muziki wa dansi kama bendi nyingine zote. Saidi akaweka santuri moja kwenye gramafoni yake ya betri, na tangu mchana ule hatukutaka kitu kingine. Ule mdundo unaokanyaga taratibu kama mtu anayetembea na mzigo, gitaa linakata katikati, besi inasema neno moja na kunyamaza. Saidi alianza kutunga za Kiswahili. Nami nikaona katikati ya kila mdundo pana nafasi kubwa, wazi, haina mwenyewe. Nikaanza kuijaza.

Umeona kosa lilipo? Miaka yote nilikuwa sisemi. Sasa nimepata mdomo ambao hauonyeshi uso wangu, nikasema yote. Nilikuwa nawapa watu mgongo, nafumba macho, napuliza maharage, napuliza chumvi, napuliza kila "shikamoo" ambayo haikusikika.

Na mwaka ule lilikuwapo jambo kubwa kuliko mimi. Wenzetu wa ng'ambo walikuwa wamepata uhuru wao. Kambi na vijiji vilikuwa vinaanza kuwaaga waliotaka kurudi, na Mzee Agostino alikuwa miongoni mwao. Alitangaza mbele ya bendi nzima kwamba atavuka kabla ya mvua. Tulipomuuliza saksafoni itakuwaje, kwa kuwa Newala nzima haikuwapo nyingine, na Masasi kule sikuwahi kusikia kwamba ipo, alisema, "Ama itavuka na mimi, ama itabaki na mtu. Mtu mwenyewe sijamwona bado." Akaniangalia mimi. Nikaangalia chini.

Nilitaka niwe mtu huyo kuliko nilivyowahi kuyataka matokeo ya mtihani. Ndiyo maana siku ya Sabasaba nilipuliza vile. Nilidhani ananipima kwa wingi.

Basi watu walipomaliza kucheka, Mzee alikuja mbele, akaichukua saksafoni mikononi mwangu taratibu, akaifuta kwa leso, akailaza ndani ya kasha lake, akaenda nalo.  Saidi, mtu wa maneno, alinipa mgongo. Hapo ndipo kicheko kikanirudia.

Kesho yake nilikwenda kwake. Alikuwa uani anachonga.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba. Jana ulisema mengi sana."

Nikakaa kwenye jiwe karibu naye.

"Saidi alikuwa anaimba nini?"

Mwanangu, nilitafuta kichwani nikakosa. Mazoezi yote yale nimesimama nyuma ya Saidi, na sikujua wimbo unasemaje. Nilijua unaanzia wapi na mimi naingilia wapi, basi.

Alinieleza bila kuinua macho kwenye mwanzi wake. Ule wimbo ni wa mama aliyesimama kando ya Ruvuma, anamuuliza kila anayevuka: wewe unayetoka majini, umemwona wangu? Mdogo wake Mama Rosa alikwenda na wapiganaji, hawajui alipo mpaka leo. Mama Rosa aliposikia kwamba vijana wana wimbo wa namna hiyo, aliacha shamba akaja uwanjani kuusikia. "Amerudi nyumbani," akasema Mzee, "hajui wimbo unasemaje. Anajua saksafoni yangu ina sauti kubwa. Hilo alikuwa analijua tangu zamani."

Machozi yalinitoka. Hakunibembeleza. Aliniambia kuanzia alfajiri inayofuata nitashuka bondeni na Mama Rosa kuteka maji, kila siku, mpaka yeye atakaponiambia basi, na saksafoni nisiiguse.

Unajua Newala tuko juu, ukingoni kabisa, na maji yako chini. Siku mtambo wa kusukuma maji ukifanya kazi, bomba linatoa. Ukiharibika, na kiangazi kile uliharibika, wanawake hushuka mteremko hadi kwenye chemchemi na kupanda na ndoo kichwani. Mimi kwa sababu ya shule nilikuwa nimeepushwa na kazi hiyo muda mrefu. Mama yangu aliposikia adhabu yangu alicheka mpaka akakaa chini. Mama Rosa ndiye aliyefurahi zaidi. Alisema kwa miaka yote aliyoishi na mwanamuziki, hili ndilo somo la kwanza la muziki alilolionea faida.

Kushuka si kitu. Mnashuka mnapiga soga, ndoo tupu zinagongana. Kazi ni kupanda. Unajaza ndoo, unaweka majani juu ya maji yasirukeruke, unajitwika, mnapanga mstari, kisha kimya. Hakuna anayeongea kwenye mteremko ule, kwa sababu pumzi uliyonayo ndiyo ya kukupandisha. Lakini ziko kona ambapo njia inalegea kidogo, kama kipande cha ngazi, na hapo kuna utaratibu wao. Aliye mbele hutupa neno moja. Wote nyuma hujibu pamoja, kifupi, "Eh-heee!" Kisha kimya tena mpaka kona nyingine.

Na maneno yenyewe, mwanangu, hayana huruma. Mama Rosa ndiye aliyekuwa mbele.

"Baba Rosa kavuka na bomba!"

"Eh-heee!"

Tunapanda. Mawe yanateleza, jasho linaingia machoni. Kona.

"Wenzie wamevuka na sufuria!"

"Eh-heee!"

Tunapanda. Kona.

"Msomi wa Masasi miguu inatetemeka!"

"Eh-heee!"

Huyo msomi ni mimi. Nami, kwa kuwa nilikuwa nimewazoea kidogo kule chini, na kwa kuwa hakuna aliyekuwa ananitazama usoni maana tuko mstarini, nikaona nijitetee. Wenzangu walipojibu na kunyamaza, mimi nikaendelea: kwamba miguu haitetemeki, ni jiwe lililoteleza, na hata hivyo ndoo yangu ni kubwa kuliko... Pumzi ikaisha katikati ya neno. Shingo ikalegea, ndoo ikainama, nikasikia maji ya baridi yanateremka mgongoni mpaka kwenye visigino.

Mstari mzima ulisimama. Hakuna aliyenigombeza, kwani maji ya kiangazi yakimwagika Newala, watu huyatazama kwanza, kama unavyomtazama mtu anayeondoka. Halafu mwanamke aliyekuwa nyuma yangu, Mama Zuhura, aliyelowa miguu kwa sababu yangu, akasema, "Binti, jibu. Usihutubie."

Jioni ile niliandika maneno hayo kwenye daftari, halafu sikuona la kuongeza. Ulikuwa ukurasa wangu wa kwanza mfupi.

Niliendelea kushuka na kupanda. Taratibu nikaanza kuona mambo. Niliona kwamba lile "Eh-heee" halina maana peke yake. Ukilitoa pale konani ukaliweka mezani ni kelele tu. Linapata maana kwa sababu ya neno lililotangulia, na kwa sababu ya kimya kinachofuata, na kwa sababu wote wamechoka na bado wamelitoa. Niliona pia kwamba anayejibu vizuri ni yule aliyesikiliza. Mama Zuhura alikuwa na namna ya kulivuta kidogo neno likiwa la huzuni na kulikata likiwa la mzaha, kwa sauti ileile. Na pumzi yangu ikawa inatoka chini, tumboni, ilipokuwa haijawahi kutoka. Nilipofika juu na ndoo imejaa mara ya kwanza, Mama Rosa alitazama maji, akanitazama, akasema, "Leo Baba Rosa ataoga," na kwake hiyo ilikuwa sifa kubwa.

Maji yenyewe tuliyagawa palepale uani. Ya kunywa haya, ya ugali haya, kata moja ya wazee kunawa, nusu kata ya mgeni, masazo ya kuku. Hakuna aliyelalamika kwamba kapewa kidogo, kwa sababu kila mmoja alijua yamepandishwaje.

Siku moja, bila kuambiwa na mtu, nilifanya jambo gumu kuliko mteremko. Nilikwenda kwa Saidi. Nilisimama mlangoni kwake, nikasema shikamoo ikasikika hadi jikoni, ingawa Saidi si mtu wa kuamkiwa na mimi, tulipishana umri kidogo tu. Alishtuka akajikuta ameitika marahaba. Nikamwomba anifundishe maneno ya wimbo. Alinitazama kama mtu aliyeombwa radhi, na kwa kweli ndivyo ilivyokuwa. Akaniimbia wote, amekaa kwenye kinu, bila gitaa. Ulikuwa wimbo mzuri sana, mwanangu. Sikuwa nimewahi kuusikia.

Siku ya kuwaaga ilifika korosho zikiwa zimeanza kudondoka, mabibo yananukia kila mahali na mawingu yanakusanyika upande wa mtoni. Lori lilisimama kando ya uwanja wa soko, limepakiwa mikeka, masanduku, mbuzi, na safari hii sufuria nyingi. Mama Rosa alihakikisha. Mwenyekiti wa kijiji alihutubia. Katibu naye akahutubia. Halafu tukaitwa sisi.

Mzee Agostino alinijia na saksafoni mkononi. Kasha alikuwa ameshaliweka kwenye lori, karibu na alipopanga kukaa. Nililiona kasha lile nikajua saksafoni itavuka. Alinikabidhi akasema tu, "Usiwape mgongo. Wanasafiri." Akaenda zake kupanda lorini kwa mkewe.

Basi nikageuka. Watu wote wale, mwanangu, na macho yao yote. Mama yangu kwenye kundi la wanawake upande wa kushoto, baba yangu na wazee wenzake chini ya ukuta wa ghala, uso wake unasema mtoto wa kike na tarumbeta, haya, tuone. Magoti yalitetemeka kweli, na safari hii hapakuwa na jiwe la kusingizia.

Besi ikaanza. Gitaa likaanza kukata. Saidi akaimba ubeti wa kwanza, nami nikasimama na saksafoni kifuani, kimya. Nafasi zile zote nilizokuwa nikizijaza zilipita mbele yangu, moja, nyingine, nyingine. Ubeti ukaisha. Kimya. Nikasikia watu wanaanza kunong'ona. Yule bibi wa ming'oko, maana bado alikuwa anakaa mbele, akasema, "Leo imeziba." Kijana mmoja akapaza sauti kwamba kama nimesahau anisaidie. Saidi mwenyewe aligeuka kunitazama, jasho linamtoka. Mimi nilikuwa nasikiliza. Yule mama wa kwenye wimbo alikuwa bado anashuka ukingoni kwenda mtoni. Hajafika bado mahali pa kujibiwa.

Ubeti wa pili. Saidi akafika pale anaposema, wewe unayetoka majini, umemwona wangu? Hapo njia ikalegea. Niliisikia kabisa, kama nilivyokuwa nikiisikia miguuni kule mteremkoni. Nikapuliza. Kifupi, kutoka tumboni, kilekile tulichokuwa tunakisema kwenye kona, nimekivuta kidogo mwishoni kama Mama Zuhura anavyokivuta neno likiwa la huzuni. Kisha nikanyamaza.

Yule bibi wa ming'oko akaweka kapu lake chini.

Saidi akarudia: wewe unayetoka majini, umemwona wangu? Nikapuliza tena. Na kutoka lile kundi la kushoto, sauti ya Mama Zuhura ikaitikia pamoja nami, "Eh-heee!" Mara ya tatu walikuwa wanawake wote wa bondeni. Mara ya nne hata ambao hawajawahi kuteka debe moja maishani walijibu, baba yangu akiwamo. Alijibu akaangalia pembeni kama si yeye. Kila Saidi akiuliza, Newala nzima inajibu, na saksafoni iko katikati yao, haiko juu yao. Watu wa lorini walikuwa wamesimama. Mama Rosa alijifunika uso kwa kanga, lakini alikuwa anajibu. Nilimjua kwa sauti, ndiye aliyetufundisha.

Tulipomaliza sikungoja makofi. Nilikwenda moja kwa moja lorini, injini ilikuwa imeshawashwa, nikainua saksafoni kwa mikono miwili kumrudishia Mzee, kwa sababu ilikuwa yake na kasha lilikuwa pale miguuni pake. Hakuipokea. Aliinama, akanyanyua kasha tupu, akalishusha kwangu kupitia ubavuni mwa lori.

"Shika na hili," akasema. "Mvua inakuja."

Ndiyo maneno yote. Mama Rosa ndiye aliyeongeza, lori likiwa limeanza kusogea, "Afadhali. Safari hii tutavuka kama watu." Wote waliokuwa karibu walicheka, na mimi nikacheka na kulia kwa pamoja, kazi ambayo ni ngumu kuliko rege.

Ndani ya kasha nilikuta ndimi za mwanzi alizokuwa akichonga kiangazi kizima. Nilidhani alikuwa akijichongea mwenyewe.

Baadaye msafiri mmoja alituletea habari kwamba wamefika salama, na kwamba yule mdogo wake Mama Rosa wamemkuta hai, mguu mmoja haukunjiki, mdomo ni uleule wa dada yake. Saidi alipopata habari hizo aliuongezea wimbo ubeti wa mwisho, wa kujibiwa. Huo ndio ninaoupiga mpaka leo watu wakiniomba, na kila ninapoupiga, hata kwenye kumbi ambazo hawajui Kiswahili, baada ya mara mbili tatu wanaanza kunijibu. Hawajui wanajibu mteremko wa Newala.

Basi mwanangu, ninalotaka kukuachia ni hili, na nitalisema wazi ili usiniambie baadaye kwamba nilizunguka. Kabla hujapuliza, jua mwenzako anaimba nini. Kama hujui, mwulize, hata kama ulimi unakuwa mzito. Kuuliza hakukupunguzii kitu. Aibu yako usiichukie. Yangu haikuondoka siku ile, wala haijaondoka; hata sasa kabla ya kupanda jukwaani mikono hunitoka jasho. Lakini mtu mwenye aibu anajua kusikiliza, na kusikiliza ndiyo nusu kubwa ya kazi hii, na ya kazi nyingine nyingi, na ya ndoa pia, ingawa hayo tutayaongea siku nyingine. Ukipewa nafasi usiogope kwamba haitarudi ukataka kuimaliza yote mara moja. Wagawie watu kama unawagawia maji yaliyopandishwa kwa kichwa. Jibu. Usihutubie. Na ukiona mtu amekunyang'anya chombo akakupa ndoo, usikimbilie kukasirika. Shuka nayo kwanza, uone kuna nini huko chini.

Mimi sasa pumzi inapungua. Napuliza kidogo kuliko zamani, na wanaonisikia wanasema napiga vizuri zaidi, kwa hiyo Mzee Agostino bado ananifundisha. Saksafoni ile bado ninayo, bado inanukia jando mvua ikinyesha. Siku moja itabaki na mtu. Sisemi nani.

Mungu akupe pumzi ndefu na maneno machache. Akupe watu wa kukujibu popote utakaposimama, juu ya ukingo na chini bondeni. Ndoo yako ifike juu imejaa, na ikimwagika, nyuma yako awepo Mama Zuhura. Haya, nenda, mwanangu. Na ukitoka hapo, mwamkie bibi yule jirani yangu aliyekaa mlangoni, asikie.